Kola ya 15 imegoma kufunga: kilo zilezile, uso si ule. Mafuta ya uso yanahama?

Fundi Kola (Majengo, Dodoma)

Heshima kwenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani wa miaka 57, nina kibaraza changu karibu na soko la Majengo tangu 1996. Humu nasoma tu, sijawahi kuanzisha uzi. Leo kuna jambo limenikaa kichwani, mke wangu amechoka kulisikia, kaniambia niwaletee ninyi.

Wiki iliyopita chama chetu cha kuweka na kukopa kilitaka picha mpya za wanachama. Nikaenda studio, kijana akanipiga, akazikata nne, akazitia kwenye bahasha. Katibu akachomoa fomu yangu ya 2004 ili abandue ile ya zamani. Akaziweka mbili sambamba mezani, akazitazama, akanitazama na mimi, akauliza: "Huyu ni mdogo wako?"

Si mvi zilizomchanganya, mvi ninazo za kuhesabu. Ni umbo. Yule wa 2004 ana uso kama kitumbua, mashavu yamejaa mpaka chini ya macho, taya limenyooka kama nimelipitishia pasi. Huyu wa juzi ana vishimo kwenye panja, pale kati ya jicho na sikio. Chini ya macho pamebonyea. Halafu vile vilivyopotea juu nimevikuta chini: kuna vifuko viwili vinaning'inia pembeni mwa kidevu, na chini yake kidevu cha pili. Utadhani mtu kamimina uji kutoka bakuli la juu kwenda la chini.

Mtaniambia nimenenepa. Kadi yangu ya hospitali ya 2005, nilipovunjika mkono, imeandikwa kilo 71. Jumamosi nimepanda mizani ya yule kijana anayezunguka nayo stendi, imesoma 72, na viatu nimevaa.

Sasa kazi yangu inaingia hapa. Fundi hapimi uso, lakini shingo anaipima kila siku. Nina madaftari kumi na moja ya vipimo, la kwanza la 2001, karatasi zake zimekuwa za rangi ya chai. Jana umeme ulikatika, nikakaa nayapekua kwa tochi ya simu. Kuna mwalimu mmoja namshonea tangu 2003. Mwaka ule shingo yake inchi 14½, kifua 38. Mwaka jana kaja kwa kaunda suti: shingo 16, kifua 39. Dereva mmoja alianza na 15, sasa 16½. Tena hao ni watu ninaowajua tangu ujana wao, sijawatia wakubwa wa serikali walioanza kuhamia huku kutoka Dar baada ya 2016, maana wale wengi walikuja na vitambi vyao tayari, sikuwaona walipoanzia.

Ila wapo waliokwenda kinyume. Mzee mmoja wa mtaa wa Kikuyu, hapahapa Dodoma, alikuwa 16, sasa ni 14½. Lakini nikimfunga kifungo cha juu, ngozi ya mbele inakunjamana juu ya kola kama pazia refu kwenye dirisha fupi. Namwachia nafasi ya vidole viwili na bado haikai. Na kina mama, hao hawasemi, ila naona. Miaka ya thelathini na arobaini wanaagiza shingo ya V, wakikaribia 55 wanaanza: "Fundi, hapa nipandishie kidogo." Nilidhani ni mambo ya kanisani. Sasa nina wasiwasi ni mambo ya kioo.

Maswali yangu. Haya mafuta yanahama kweli, au ni macho yangu? Kwa nini yapungue juu na yaongezeke chini kwa mtu ambaye kilo hazijabadilika? Na kuna la kufanya? Nauliza hili la mwisho kwa sababu kuna dada anapita sokoni na chupa za mafuta ya kupaka ya "kuyeyusha kidevu", elfu kumi na tano moja. Sijanunua. Lakini nilimwita arudi Alhamisi.

Nawasilisha.

Mtoto wa Nkuhungu

Mzee, shingo ikiongezeka hiyo ni hela inaingia. Sisi wengine tunaitafuta hiyo shingo hatuipati. Kausha, kula maisha.

Kinyozi wa Makole

Shikamoo fundi. Mimi nakuunga mkono, na ushahidi wangu ni wa wembe.

Kijana wa miaka 25 mashine inateremka kwenye taya kama gari kwenye lami ya Mtumba. Mtu wa 60 lazima niivute ngozi kwa kidole gumba kuelekea sikioni, nisipoivuta namkata. Na nikiivuta ndipo naona maajabu: kuna wateja kidevu cha pili kinapotea chote, pamenyooka, ananiambia "basi nishikie hivyohivyo niende nacho nyumbani". Na kuna wengine navuta weee, kidevu kiko palepale kimejaa. Kwa hiyo kwa akili yangu ya kibandani, kuna kidevu cha ngozi na kuna kidevu cha mafuta. Wengi wanavyo vyote viwili.

La pili, meno. Nina mteja kang'oa magego yote ya chini upande wa kushoto. Ukimtazama upande wa kulia ni yeye, upande wa kushoto ni marehemu baba yake. Shavu limeingia, taya limekuwa jembamba.

La tatu, hawa wa shingo nene wanalala kwenye kiti changu kabla sijamaliza kisogo. Wanakoroma mpaka walioko kwenye benchi wanaangua kicheko. Mchana saa nne! Sijui kama ni uchovu au ndiyo mambo haya haya.

Tabibu Mstaafu (Kongwa)

Mbukwenyi. Nilikuwa tabibu miaka 34, mingi yake wilayani, sasa nalima alizeti na macho yananisumbua kwenye simu, kwa hiyo mnivumilie makosa.

Fundi, nianze kwa kukukosoa. Hayakuhama. Uji haukumiminwa.

Watu wengi wanafikiri mafuta ya uso ni blanketi moja limetandikwa chini ya ngozi. Wewe unayajua yale majaketi ya baridi mnayoyatoa kabatini Juni upepo ukianza, yametiwa pamba kisha yakashonwa mistari kwa mistari. Pamba ya chumba hiki haiendi chumba kile, hata ukiifua vibaya. Uso ndivyo ulivyo. Mwaka 2007 wapasuaji wawili wa Dallas kule Marekani, Rohrich na Pessa, walichapisha kazi yao: walidunga rangi ya buluu kwenye nyuso za maiti, na rangi ikakaa ndani ya chumba kilichodungwa, ikakomea ukutani. Paji la uso lina vyumba vyake, kuzunguka jicho vipo, shavu peke yake lina kadhaa, pembeni mwa kidevu kipo chake. Na kwa kuwa ni vyumba mbalimbali, havizeeki kwa pamoja.

Vipo vya juu, karibu na ngozi, na vipo vya ndani, vinakalia mfupa. Hivi vya ndani, hasa vya chini ya jicho na katikati ya shavu, ndivyo vinavyonywea. Panja nayo hunywea. Kilichokuwa kimeegemea juu ya mto ule sasa hakina mto, kinateleza. Huku chini, vile vya pembeni mwa kidevu na chini ya taya haviko kwenye ratiba hiyo: vinabaki na mafuta yake, kwa wengine vinaongeza. Kwa hiyo juu pamepungua kwa sababu zake na chini pamejaa kwa sababu zake, wewe ukaona kama kimoja kimemlipa mwenzake.

Halafu kuna fremu. Mfupa wa uso nao hubadilika. Tundu la jicho hupanuka, taya la juu hurudi nyuma kidogo, la chini hupungua. Kinyozi amesema kweli kabisa kuhusu meno: ule mfupa unaoshika jino, jino likitoka unaanza kuliwa, hauna kazi tena. Na juu ya yote hayo kuna ngozi ambayo kolajeni yake, zile nyuzi zinazoishikilia isilegee, inapungua mwaka hadi mwaka. Ni nguo ileile uliyoshona kwa mwili wa zamani. Mwili umesinyaa mabegani, kitambaa kimelegea, wewe mwenyewe unajua kitakunjamana wapi.

Wale kina mama wako wa 55 si mambo ya kanisani. Hedhi ikikoma, estrojeni, homoni ya kike, inashuka, na katika miaka 5 ya mwanzo ngozi inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Kwa mwanamume inakwenda polepole, kwa mwanamke kuna kipindi inaporomoka. Anakuja kwako kupandisha shingo ya gauni kwa sababu amekiona kioo kikibadilika ndani ya miaka mitatu minne.

Shingoni kuna msuli mpana na mwembamba, mwembamba kama kanga. Unaanzia juu ya kifua, unapita juu ya mtulinga, unapanda hadi taya. Yapo mafuta juu ya msuli huo na mengine chini yake. Umri ukienda, kingo zake mbili za mbele zinaachana na kulegea. Ndizo zile kamba mbili unazoziona kwa mzee wako wa Kikuyu akimeza chai. Kwake mafuta yamepungua, msuli na ngozi vimebaki.

Kuhusu kilo: mizani ya stendi haijui nyama na mafuta. Kuanzia miaka ya thelathini mtu hupoteza misuli, wastani asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10, asipoitumia zaidi. Kilo 72 za mtu wa miaka 57 anayekaa kwenye cherehani mchana kutwa si kilo 71 za yule wa 2005. Nyama imetoka, mafuta yamekaa mahali pake, na kwa wanaume yanapenda tumbo na shingo. Kwa hiyo mizani haikudanganya, ila haikuulizwa swali lako.

Huyo dada wa Alhamisi mwambie asante. Cha kupaka hakifiki huko, kingefika kingeyeyusha na vya juu unavyovililia. Ipo sindano ya kuyeyusha mafuta ya chini ya kidevu, Marekani waliiidhinisha 2015, ndani yake kuna asidi ya jamii ileile iliyo kwenye nyongo yako, ile inayovunja mafuta ya chakula. Inadungwa na daktari aliyefunzwa, kwa awamu. Inakula mafuta tu, ngozi iliyolegea haiikazi. Kidevu cha ngozi alichokisema kinyozi kitabaki, pengine kibaya zaidi. Na chini ya taya panapita neva inayovuta mdomo. Ikiguswa, mdomo unakwenda upande kwa muda. Asije mtu akakudunga nyuma ya duka.

Sasa tuache uso. Umetaja shingo ya mwalimu, ya dereva, ya mzee. Umesema kola yako ya 15 imegoma. Hukusema sasa ni ngapi. Jipime, uniandikie. Chini kidogo ya koromeo, futi imelala bila kubana, na usivute pumzi kama bwana harusi.

Dereva Singida Road

Mimi niko nje ya mada kidogo. Naendesha semi mwaka wa 22. Upande wangu wa kulia, wa dirishani, umechakaa kuliko wa kushoto. Mikunjo ya jicho la kulia, shavu la kulia, hata shingo. Jamaa zangu wananiambia najitungia.

Tabibu Mstaafu

Hujitungii. Mwaka 2012 jarida kubwa la tiba la Marekani lilitoa picha ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha gari la mizigo miaka 28. Kwao usukani uko kushoto, na uso wake wa kushoto ulikuwa mzee kuliko wa kulia kwa miaka ya kutosha. Kioo cha dirisha kinazuia miale ya kuchoma, lakini ile inayopenya ndani ya ngozi inapita. Funga taulo dirishani, ndivyo wenzako wanavyofanya, na mikono mirefu.

Mtoto wa Nkuhungu

Hayo mambo ya wazungu. Sisi hatuzeeki bwana, bibi yangu ana 80 uso laini.

Tabibu Mstaafu

Ngozi ya bibi yako inazuia jua vizuri, ndiyo maana makunyanzi yamechelewa. Ila mtazame chini ya macho na kwenye panja, kisha umtazame kwenye picha ya harusi kama ipo. Ngozi nyeusi inachelewa kukunjamana. Mto ulio chini yake haukupewa msamaha huo.

Bibi Zabibu (Hombolo)

Habari zenu wanangu. Nina miaka 61. Naomba niseme langu kwa sababu huu uzi umenigusa mahali.

2021 niligunduliwa sukari. Nilikuwa kilo 89. Nikaambiwa punguza, nikapunguza kweli: ugali wa sembe nikauweka mbali, nikarudi kwenye uwele na mlenda kama alivyotulea mama, soda nikaacha, asubuhi natembea mpaka bwawani na kurudi. Nikafika 75. Daktari alinipongeza mpaka nikaona haya.

Lakini uso ndio ulitangulia kwenda. Tumbo lilibishana na mimi miezi minane, uso ulitoka kwa miezi mitatu. Mashavu yakaingia, shingo ikawa kama ya kuku wa kienyeji. Kanisani wakaanza kunong'ona. Mnajua huku kwetu mtu uso ukijaa anaambiwa amenawiri, ukiingia wanaanza kuhesabu siku. Jumamosi moja wakanijia wanawake sita kuniona mgonjwa. Wameimba, wameomba, wakaacha kreti ya soda na mikate miwili. Mwenye sukari! Nikacheka peke yangu, nikawapa wajukuu.

Kingine sijakisikia humu. Nyuma ya shingo nilikuwa na weusi mnene, kama velveti. Miaka nilidhani ni uchafu wa mafuta ya nywele. Nimesugua kwa dodoki, nimesugua kwa limau na magadi, mpaka ngozi ikawaka. Binti yangu alinishonesha blauzi zenye kola juu kwa ajili hiyo. Kilo ziliposhuka na sukari ikatulia, ule weusi ukafifia wenyewe. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni sukari ilikuwa inagonga hodi.

Na mdogo wangu yeye ni kinyume. Uso wake ulijaa ukawa duara kama sahani, na nyuma chini ya shingo pakavimba nundu. Sote tukamwambia umependeza, ndoa imekukubali. Kumbe ni krimu ya kung'arisha aliyokuwa akipaka mwili mzima miaka minne, ya kuchanganywa dukani, haina hata karatasi. Presha ikapanda, ngozi ikawa inachanika kwa kuguswa tu. Alipolazwa ndipo tukajua.

Swali langu, tabibu: mashavu yangu yatarudi?

Tabibu Mstaafu

Mama, shikamoo na hongera. Hizo kilo 14 usizirudishe kwa ajili ya mashavu.

Yatarudi kidogo. Uso wa mtu aliyetoka kupungua huwa umechoka, mwili ukitulia kwenye kilo zile mwaka mmoja au zaidi unajipanga. Yote hayarudi, kwa sababu chini ya hizo kilo kulikuwa na umri uliofichwa: mto wa ndani ulikuwa unanywea siku zote, ila vya juu vilijaa vikaufunika. Ulipopungua, pazia likaondoka. Kula maharage, mayai, dagaa, usiache nyama ya mwili iondoke pamoja na mafuta. Beba vitu. Na kama kuna meno yametoka, meno ya bandia yanarudisha mdomo na shavu kuliko krimu yoyote.

Weusi wa velveti umeueleza vizuri kuliko vitabu. Kwenye shingo na kwapa, ni insulini, homoni inayosimamia sukari, imezidi damuni kwa sababu mwili hauisikii. Dodoki haliwezi kitu hapo. Fundi, wewe unaona shingo za watu kwa nyuma kila siku unapopima mabega. Ukimwona kijana wa miaka 30 ana weusi huo, mwambie kwa siri akapime sukari.

La mdogo wako ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Krimu nyingi za kuchanganya zina steroidi kali, ikipakwa mwili mzima kwa miaka inaingia damuni, na mwili unaanza kuweka mafuta usoni na kisogoni. Anapoacha aache chini ya daktari, si ghafla, maana tezi zake zilishazoea kulala.

Na kuhusu minong'ono. Chanzo chake ninakikumbuka, nilikuwepo. Miaka ya 2000 tulitoa dawa moja ya virusi vya UKIMWI, stavudini, iliokoa watu wengi na ikawatia alama. Ilikuwa inakausha mafuta ya mashavu na panja, mtu anapona lakini uso unaingia, mtaa mzima unajua. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2009 iondolewe taratibu, na dawa za sasa hazifanyi hivyo. Lakini jicho la mtaa lilishafundishwa kusoma mashavu, na halijafundishwa upya.

Ninachowaomba ninyi nyote ni hiki kimoja. Mabadiliko ya umri huja pande zote mbili na huja polepole. Uvimbe wa upande mmoja, kinundu kigumu, au kitu mbele ya shingo kinachopanda na kushuka ukimeza, hicho si mafuta. Hilo la mwisho laweza kuwa rovu. Kaonwe.

Fundi bado sijaona namba.

Fundi Kola

Samahani tabibu, nilikuwa na sare za kwaya arobaini na mbili, nimezikabidhi jana usiku.

Namba: 16½. Nilijipima mwenyewe nikapata 16, mke wangu akanyang'anya futi akasema umevuta pumzi. Akapima yeye. 16½.

Tabibu Mstaafu

Hiyo ni sentimita 42. Kuna maswali 8 yaliyotungwa Toronto, Kanada, 2008, kwa ajili ya kumtambua mtu anayekatwa pumzi usingizini. Unakoroma kwa sauti ya kusikika mlango ukiwa umefungwa? Mchana una usingizi? Kuna aliyekuona ukiacha kupumua ukiwa umelala? Presha? Uzito umezidi sana? Umevuka 50? Shingo imevuka sentimita 40? Ni mwanamume? Ukipata matatu, kaonwe. Wewe matatu unayo kabla mke wako hajafungua mdomo.

Mafuta ya shingo hayako nje tu. Yapo na ya ndani, yanazunguka njia ya hewa. Ukilala chali misuli ikilegea, yanaikaba. Ndiyo jibu la wale wa kiti cha kinyozi: usiku hawalali, wanapigania hewa.

Fundi Kola

Mke wangu alifungua mdomo.

Kumbe amenirekodi kwenye simu tangu Pasaka na hakuniambia. Nimesikiliza. Nakoroma kama cherehani ya zamani isiyotiwa mafuta, inakwenda, inakwenda, halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichonitisha, si kelele. Nilihesabu sekunde kwa saa ya ukutani, kumi na tisa, kisha nikajisikia mwenyewe nikivuta hewa kama mtu aliyeibuka kisimani. Yeye anasema huwa ananisukuma kwa kiwiko. Miaka mitatu amekuwa akinisukuma kwa kiwiko, mimi najiuliza ubavu unauma kwa nini.

Nimekwenda hospitali Jumatano. Presha 158 kwa 96. Nimeambiwa nirudi siku mbili nyingine wapime tena kabla ya kusema neno, na nilalie ubavu. Nilimwambia daktari habari ya shingo 16½, akacheka, akasema wewe ni mgonjwa wa kwanza kuja na kipimo hicho mwenyewe. Akaniuliza nashona kaunda suti kwa bei gani.

Dada wa chupa alikuja Alhamisi kama tulivyopatana. Nikamuuliza, hii ikiyeyusha kidevu itajua vipi isiguse shavu? Akafikiri kidogo, akasema paka chini tu. Sikununua. Ila nilimpima mabega, anataka gauni la ubarikio wa mwanawe. Shingo ya V.

Picha ya chama katibu amekwisha ibandika. Ile ya 2004 nimeiomba, nimeitia kwenye daftari la kwanza, ukurasa wa mwalimu. Mzee wa Kikuyu nimempata dawa yake: kola ya mtindo wa Nehru, haina kifungo cha juu cha kugombana na ngozi, amefurahi kama mtoto.

Kinyozi, nakuja Ijumaa jioni kuchonga ndevu. Nikilala, niamshe kwanza kabla hawajacheka.